Siku kikoba kizima kilipopewa namba moja ya simu

Shangazi yangu ni mweka hazina wa kikoba cha kina mama hapa Ngamiani, Tanga. Wako 41, wanakutana kila Jumamosi alasiri uani kwake, na kwa miaka mingi hesabu zao zote zilikaa kwenye kaunta buku moja yenye jalada jeusi, kona zimeliwa, wino wa kila rangi. Mwaka juzi nikajitia kimbelembele. "Shangazi, niachie mimi. Nitaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Mtu akichelewesha rejesho, ujumbe unamfuata wenyewe, wewe umekaa zako unakunywa kahawa." Mimi ndiye fundi wa ukoo. Nilisomea ualimu, nikafundisha hesabu darasa la sita miaka miwili, halafu nikafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta na kuchapa barua za watu.

Miezi minne mambo yalikwenda vizuri. Kisha ile huduma ya kutuma ujumbe kwa mkupuo ikataka namba za simu zianze na 255 badala ya sifuri. Nikaandika amri ya mstari mmoja, nikabonyeza, nikachapa orodha mpya bila kuitazama, nikampa kijana wangu ampelekee shangazi, nikafunga kibanda nikaenda kula.

Saa mbili usiku simu ikaita.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wee mwanangu, umetufanya nini?"

"Kuna nini tena?"

"Hii orodha yako. Mimi na Mama Zuhura tuna namba moja ya simu."

"Labda nimekosea mstari mmoja, shangazi."

"Na Mama Rehema. Na Bi Mwanaisha. Na yule wa Chumbageni asiyelipa. Wote! Nimeipiga hiyo namba, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia si sahihi."

Nikarudi kibandani na tochi. Ni kweli. Mistari 41, na kila mstari umeandikwa 2147483647.

Aliyewahi kuchezea hifadhidata ameshacheka. Kwa wengine, sababu ni hii. Nilipotengeneza jedwali la wanachama, safu ya simu niliiwekea ile namba ya kawaida ya MySQL (programu ya kutunza hifadhidata), inayokaa kwenye biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri au moja. Namba ya 0754 na kuendelea, ukiitoa sifuri ya mbele, ni milioni mia saba hamsini na kitu, inaingia bila shida. Ukiitanguliza 255 inapita bilioni 255. Haiingii. Na MySQL ile, ambayo nilikuwa nimeilegeza mwenyewe ili isinisumbue kwa kunikatalia kila kitu, haikukataa. Ilifanya kama muuza mchele anavyopangusa kibaba kwa kiganja: kilichozidi ukingo kikaenda, kikabaki kilicho sawa na ukingo. Ukingo wenyewe ni 2147483647. Namba halisi za watu zikapotea, na kama isingekuwa ile kaunta buku jeusi ningetafuta mji wa kuhamia.

Kwa nini ukingo uwe pale na si kwenye bilioni mbili kamili? Chukua bao. Bao letu la kete lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Sasa kila shimo liwe biti moja, na weka sharti: kila shimo ama lina kete moja ama ni tupu. Kete ya shimo la kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya nne 8, unakwenda ukizidisha mara mbili. Shimo la mwisho usilipe thamani hiyo, hilo ni la alama: likiwa tupu namba ni chanya, likiwa na kete namba ni hasi. Yamebaki mashimo 31. Yajaze yote. Hakuna haja ya kujumlisha kwa kutoa jasho. Ongeza kete moja tu kwenye shimo la kwanza: mbili zinageuka moja ya shimo la pili, nazo zinageuka moja ya shimo la tatu, zinabebana hivyo hadi mwisho wa bao. Kwa hiyo bao lililojaa lilikuwa pungufu ya moja tu kuifikia mbili kipeo cha 31. Huandikwa 2^31 − 1. Kwa maneno: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Usiku ule, baada ya kuingiza upya namba za watu moja moja kutoka kwenye kaunta buku, nilibaki nikiitazama. Ualimu haukutoki. Nikaanza kuijaribu kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto. Si shufwa. Haiishii na 5. Jumla ya tarakimu zake ni 46, kwa hiyo 3 haiingii. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 inabaki 1. Hapo ndipo likanijia somo la chuoni ambalo sikulitilia maanani wakati ule: hii namba ni tasa. Hakuna kinachoigawa ila 1 na yenyewe. Na aliyethibitisha alikuwa mzee wa karibu miaka 65, karibu kipofu kabisa, mwaka 1772.

Nitasema kidogo kuhusu neno lenyewe, maana shangazi hakulipenda. Nilipomweleza kwamba namba iliyowapata wote ni namba tasa, alikunja uso. Uani kwa kina mama, tasa si neno la hesabu. Ni tusi la kugombana, linaloweza kuvunja kikoba. Hata darasani nilikuwa nikilitamka, wasichana wakubwa wanainamisha vichwa. Nami nadhani aliyelichagua aliitazama namba kwa upande usio wake. Namba 12 imezaliwa na 2, 2 na 3. Namba 35 imezaliwa na 5 na 7. Kila namba unayoitaja, ukiifuatilia, wazazi wake ni namba tasa. Hizo ndizo zinazozaa zote. Zisichokuwa nacho ni wazazi.

Shangazi akasikiliza, akamimina kahawa. "Basi hiyo si tasa," akasema. "Hiyo ni yatima."

Tangu siku hiyo kwetu inaitwa yatima.

Sasa, namba za sura hii, mbili kipeo cha kitu halafu pungua moja, zimepewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Alisema kwamba kwa vipeo hadi 257, zinazotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Aliongeza mbili zisizostahili (67 na 257) na akasahau tatu (61, 89 na 107). Kabla yake, mwaka 1603, mwanahesabu Cataldi wa Bologna, Italia, alishadai kuwa 23, 29, 31 na 37 zote zinatoa namba tasa. Katika hizo nne alipatia 31 peke yake. Sidhani kama kupatia kwa namna hiyo ni kujua. Ukipiga ramli mara nne utapatia mara moja.

Kuanguka kwa hiyo 67 ni kisa ninachokipenda. Oktoba 1903, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahesabu wenzake mjini New York, akaandika ubaoni 2^67 − 1 hadi ikatoka 147573952589676412927, akahamia upande wa pili akazidisha kwa mkono 193707721 mara 761838257287, majibu yakalingana, akarudi kukaa. Hakutamka neno. Wakampigia makofi.

Turudi kwa yatima. Swali lililoninyima usingizi ni hili: unathibitishaje kwamba namba ya tarakimu kumi haigawanyiki, bila mashine? Njia ya darasa la sita ni kujaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili. Zaidi ya hapo hakuna haja, maana vigawo huja viwili viwili, mmoja mdogo na mwenzake mkubwa, na mdogo hawezi kuvuka kipeuo cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46340 na ushei. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Mara 4,700 za kugawanya tarakimu kumi, na kosa moja linaharibu kila kitu.

Leonhard Euler, mwanahesabu yule mzee wa 1772, hakufanya hivyo. Alikuwa St. Petersburg, Urusi. Mwaka uliotangulia nyumba yake iliungua moto, na macho yake yalikuwa yamekwisha, hesabu anafanya kichwani na wengine wanaandika. Mtu wa hali ile hafanyi mgawanyo 4,700. Anatafuta wa kuwaondoa kwanza.

Nitaonyesha alivyowaondoa, lakini kwa namba ndogo, ile niliyomchorea shangazi chini kwa kijiti. Chukua 23. Anza na 1, zidisha mara mbili kila hatua, na ukivuka 23 toa 23. Unapata 2, 4, 8, 16, kisha 32 inayobaki 9, kisha 18, 13, 3, 6, 12, na mwisho 24 inayobaki 1. Umerudi ulikoanzia kwa hatua 11. Maana yake 2^11 ukiigawa kwa 23 inabaki 1. Ukiipunguza hiyo moja, inagawanyika sawasawa. Na ndivyo: 2^11 − 1 ni 2047, nayo ni 23 mara 89. (Kwa hiyo kipeo kuwa tasa hakutoshi, ndiyo mtego uliomnasa Cataldi.)

Sasa tazama waliobaki nje ya mduara. Anza na 5 ambayo haikutajwa: 5, 10, 20, 17, 11, 22, 21, 19, 15, 7, 14, halafu unarudi 5. Hatua 11 tena! Mabaki yote ya 23, kuanzia 1 hadi 22, yamegawanyika katika miduara miwili ya watu 11, hakuna aliyezidi wala aliyerudiwa. Shangazi alielewa hapo hapo, tena kuliko wanafunzi wangu wengi, kwa sababu huo ni upatu. Wanachama 22, mizunguko ya watu 11, lazima 22 igawanyike kwa 11, la sivyo kuna mtu hatapata zamu. Namba tasa yoyote ile isipokuwa 2, ukubwa wa mzunguko wa kuzidisha mara mbili lazima ugawe namba hiyo ikipunguzwa moja. Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa, alishalijua hili mwaka 1640, na kwa njia hiyo akampata anayeigawa 2^37 − 1 bila kuhangaika: ni 223, yaani 37 mara 6, ongeza 1.

Basi tuseme kuna namba tasa inayoigawa yatima yetu. Mzunguko wake ni wa hatua 31, hauna namna ya kuwa mfupi zaidi kwa sababu 31 nayo ni tasa, haikatiki vipande. Kwa hiyo namba hiyo ukiipunguza moja lazima igawanyike kwa 31. Na kwa kuwa ni witiri, ukiipunguza moja inakuwa shufwa, basi lazima igawanyike kwa 62. Wanabaki wenye sura ya 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea. Kwa hatua hiyo peke yake 3, 5, 7, 11, 13 na ukoo wao mzima wametoka mlangoni bila kuguswa. Nilikuwa nimehangaika nazo bure usiku ule na tochi.

Euler akaongeza chujio la pili. Ikiwa 2^31 ukiigawa kwa mshukiwa inabaki 1, basi 2^32 inabaki 2. Lakini 2^32 ni 2^16 iliyozidishwa kwa yenyewe. Yaani ndani ya mduara huo, 2 ni mraba wa namba fulani. Na namba tasa za witiri zinazoruhusu 2 iwe mraba ni zile tu ambazo ukizigawa kwa 8 zinabaki 1 au 7. Unganisha machujio mawili: mshukiwa lazima awe kigawe cha 248 ukiongeza 1, au kigawe cha 248 ukiongeza 63. Wenye sura hizo hadi kufikia 46340 ni 373, na wengi wao si tasa, unawatoa pia. Wanabaki themanini na ushei.

Themanini na ushei! Kutoka 4,700. Hiyo mtu anaweza kuifanya. Niliposoma hapo nikasema, nami nitaifanya.

Nikanunua kaunta buku mpya ya kurasa 96. Kikokotoo cha kibandani, kile cha tarakimu nane cha kupigia hesabu ya fotokopi, kilikataa kuipokea hata namba yenyewe. Yatima inavuka ukingo kila inapokwenda. Nikaamua nitagawa kwa mkono na kuhakiki kwa simu. Kila jioni baada ya kufunga, nagawa watano au sita, na siku umeme ukikatika naendelea na taa ya kuchaji.

Kwanza lazima uwapate washukiwa wenyewe. 63 si tasa. 249 ni 3 mara 83. 311 ni tasa, huyo wa kwanza. 497 ni 7 mara 71, nje. 559 ni 13 mara 43, nje. 745 inaishia na 5. 807, 993, 1055, 1241, wote nje. Kisha 1303. Kisha 1489. Ukurasa wa kwanza wa daftari unasomeka hivi:

311: inaingia mara 6905092, inabaki 35.
1303: mara 1648107, inabaki 226.
1489: mara 1442232, inabaki 199.

Unajizoesha jambo la ajabu kidogo, kutamani baki. Darasani tuliwafundisha watoto wafurahie kugawanya kunakokwisha sawasawa. Hapa kila baki ni ahueni, na siku moja nilipopata sifuri moyo ulinipiga kabla sijagundua nimebeba tarakimu vibaya.

Kijana wangu wa kibandani alinicheka wiki nzima. Akaniambia kompyuta inamaliza hiyo kazi kabla hajapepesa jicho. Ni kweli, tena hata bila kugawa. Kuna jaribio la mwanahesabu Lucas, likaboreshwa baadaye na Lehmer, ambalo ni fupi mpaka linatia wivu. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, kisha gawa kwa namba unayoijaribu uchukue baki. Rudia. Jaribu 127, yaani 2^7 − 1: 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, inayobaki 67. 67 inatoa 4487, inayobaki 42. 42 inatoa 1762, inayobaki 111. 111 inatoa 12319, nayo ni 127 mara 97 kamili, inabaki sifuri. Hatua tano, pungufu ya mbili kutoka kipeo, umeangukia sifuri, basi 127 ni tasa. Kwa yatima hatua ni 29. Kwa njia ya jamii hii Lucas alithibitisha mwaka 1876 kwamba 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Na uzao wa jaribio hilo bado unatumika: Oktoba 2024 Luke Durant, katika mradi wa watu wanaochangia kompyuta zao unaoitwa GIMPS, alipata ya 52 katika ukoo huu, 2^136279841 − 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kwenye kibanda changu utanifilisi toner.

Lakini jaribio la Lucas linakuambia tu "ndiyo" au "hapana". Nilitaka kuwaona washukiwa usoni mmoja mmoja. Kijana hakuelewa, nami sikumlazimisha.

Swali alilouliza yeye lilikuwa zuri zaidi: je, watengenezaji wa kompyuta waliichagua namba hii kwa sababu ni tasa? Hapana. Walichagua biti 32 kwa sababu zao za mashine, kuongeza mara mbili mara mbili, na moja ikaenda kwenye alama. Utasa ulijitokea tu. Na si kila ukingo ni tasa. Biti 8 zikiacha moja ya alama zinaishia 127, ni tasa. Biti 16 zinaishia 32767, ambayo ni 7 mara 31 mara 151. Biti 32, yatima wetu. Biti 64 zinaishia 9223372036854775807, yenye tarakimu 19 za kutisha, lakini 7 inaingia bila taabu, kwa sababu kipeo chake, 63, kinagawanyika kwa 3, na 2^3 − 1 ni 7. Biti 128, ile ya Lucas, ni tasa tena. Zinapokezana kama watu wanaosukuma mkokoteni. Biti 512 zinauharibu mpangilio: 511 ni 7 mara 73, basi 2^511 − 1 haina nafasi.

Watu hukutana na ukingo huu bila kujua ni nani. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video ya muziki ya msanii mmoja wa Korea Kusini imekaribia kutazamwa mara 2147483647, nao wamekihamishia kihesabio chao kwenye biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zinazimwa umeme wake kwa vipindi, kwa sababu vidhibiti vya jenereta vilivyokaa vimewashwa siku 248 mfululizo vingeweza kuzima vyenyewe. Ukihesabu kila sehemu ya mia ya sekunde, siku 248 na nusu ndipo hesabu inapofika 2^31. Nilipoiona ile 248 niliruka, nikidhani ni 248 ya Euler. Si yeye. Ya Euler ni 8 mara 31, hiyo nyingine imetokea kwa urefu wa siku. Nilikaa nayo jioni nzima nikiitafutia udugu, sikuupata.

Na kuna Jumanne moja inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile za biti 32 zitajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, isiyotengenezwa itaona ni Ijumaa ya Desemba 1901, enzi za Mjerumani, Tanga yetu ikiwa bandari yake. Nimeshamwambia shangazi mikopo isivuke hapo hadi nibadilishe programu. Akaniuliza nani atakuwa hai.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1, 2 na 3. Kila namba ya Mersenne iliyo tasa inazaa moja, na yatima alizaa 2305843008139952128. Barlow akasema hakuna kubwa zaidi itakayopatikana kamwe, kwa kuwa ni za udadisi tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua. Namwelewa. Mke wangu alisema hivyo hivyo kuhusu daftari langu.

Wiki ya tatu nikafika mwisho. Ukigawa hivi kwa mpangilio unaona kitu ambacho kompyuta haikuonyeshi. Mwanzoni 311 ilikuwa ikiingia mara karibu milioni saba. Kadiri mshukiwa anavyokua, idadi inashuka: laki kadhaa, laki moja, maelfu hamsini na kitu. Wawili hao wanakuja kukutana njiani, mmoja anapanda na mmoja anashuka. Mshukiwa wa pili kutoka mwisho wa orodha, 46129, nilimgawa na baki likatoka, ndipo nikagundua hakustahili hata kuitwa, ni 163 mara 283. Aliyemfuata, 46191, ndiye wa mwisho, naye anagawanyika kwa 3. Kwa hiyo wa mwisho wa kweli ni 45943. Huyo nilimhakiki mara tatu kwamba ni tasa, hadi kuvuka 211, kabla sijamgusa yatima. Mstari wa mwisho wa daftari:

45943: inaingia mara 46742, inabaki 15941.

Tazama hizo mbili za mwanzo. 45943 na 46742. Karibu zigusane.

Jumamosi nikampelekea shangazi daftari. Kikao kilikuwa kimekwisha, wanahesabu sarafu. Akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole alicholowesha, kama anavyokagua marejesho, anafuata safu ya mabaki kutoka juu hadi chini.

"Hakuna aliyemaliza deni," akasema.

"Hakuna, shangazi."

Akalifunga, akaliweka juu ya lile jeusi la kikoba. Kisha akatoa simu yake anionyeshe kitu. Usiku ule wa orodha, kabla hajanipigia, alikuwa ameihifadhi ile namba, akidhani pengine ni ya kikundi. Bado ipo. Jina aliloiandikia ni WANACHAMA WOTE.